Ufizi uliokataa dawa: kisa cha kipandikizi cha mwalimu mstaafu

Alikuja na bahasha ya kaki. Nilidhani ndani kuna picha ya eksirei au barua ya daktari aliyetangulia. Alipoimimina mezani yakatoka maganda matupu ya dawa, mawili ya amoksilini na moja la metronidazoli, kichupa cha dawa ya kusukutua kilichobaki robo, na karafuu chache zilizofungwa kwenye kipande cha daftari.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Nimechoka na jino hili. Nikimeza dawa linatulia, dawa ikiisha linaanza upya. Dozi tatu sasa."

Ana miaka 61, alifundisha shule ya msingi mkoani Tanga hadi alipostaafu, na sasa anaishi Dar es Salaam kwa binti yake. Ameridhia kisa chake kiandikwe. Jina lake silitaji, na mambo machache yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha.

Gego lake la kwanza la chini upande wa kushoto liling'olewa zamani kwa sababu ya kuoza. Miaka minne iliyopita alikwenda Muscat kumtembelea mwanawe anayefanya kazi huko, na mwanawe akamlipia kipandikizi: skrubu ya titani inayowekwa ndani ya mfupa wa taya, juu yake kikafungwa kishikizo, na juu ya kishikizo likabandikwa taji la kauri kwa saruji ya meno, ile ambayo wagonjwa wengi huiita gundi. Alirudi nyumbani akiwa na furaha. Aliyemhudumia alimwambia kwamba jino hili halitaoza kamwe.

Maneno hayo ni kweli, na ndiyo yaliyomponza. Titani haiozi na kauri haitobolewi na sukari. Mwalimu aliyachukua kama yalivyo, akaamini kwamba upande ule hauhitaji tena kusumbuliwa kwa mswaki. Hakuna aliyemwambia kwamba ufizi unaolizunguka jino hilo ni ufizi uleule wa siku zote, tena wenye ulinzi hafifu kuliko ule wa jino la asili.

Kwa miezi minane ufizi ulikuwa ukitoka damu kila ulipoguswa. Asubuhi aliamka na ladha mbaya mdomoni. Nyama na majani ya mchicha vilikwama. Maumivu hakuwa nayo, na hilo lilimchelewesha sana, kwa sababu sisi watu wa huku humfuata daktari wa meno pale usingizi unapokatika. Uvimbe wa ufizi kuzunguka kipandikizi kwa kawaida hauumi. Unatoa damu tu. Damu ilipomtisha aliacha kabisa kupiga mswaki upande ule akidhani anauumiza ufizi, na kadiri alivyoacha ndivyo damu ilivyozidi.

Kipimo, picha, na simu ya Muscat

Ufizi ulikuwa mwekundu wa kukolea, umetuna na kung'aa, hasa upande wa ulimi. Nilipoubonyeza kwa kidole lilitoka tone dogo la usaha. Kipandikizi chenyewe hakikucheza hata kidogo, na hiyo ilikuwa habari njema.

Kisha nikachukua kipimo chembamba chenye alama za milimita nikakiteremsha polepole kati ya ufizi na taji, kwa mkono mwepisi, uzito wa takriban gramu 25 tu. Tunapima sehemu sita kulizunguka jino. Upande wa shavu nilipata milimita 5, 4 na 5. Upande wa ulimi 6, 6 na 5. Damu ilitoka sehemu tano kati ya hizo sita.

Hapa ndipo swali kubwa la kisa hiki linapokaa. Ufizi unaotoka damu kuzunguka kipandikizi unaweza kuwa na ugonjwa mmoja kati ya miwili. Wa kwanza ni mukositisi, yaani uvimbe ulioishia kwenye nyama ya ufizi. Huu ukitibiwa unaweza kurudi nyuma. Wa pili ni periimplantitisi, ambapo uvimbe umekwisha kushuka na unakula mfupa unaoshikilia kipandikizi. Mfupa ukishaliwa haurudi kwa kusafishwa. Tunachopigania ni kuuzuia usiendelee kuliwa, na mara nyingi ni kwa upasuaji. Kwa macho magonjwa haya hufanana sana. Yote mawili ni mekundu, yote hutoka damu. Mpaka kati yao uko kwenye mfupa, na mfupa hauonekani bila picha.

Picha ya eksirei nilipiga siku hiyohiyo. Mfupa ulikuwa umeshuka kiasi cha milimita moja na nusu chini ya bega la kipandikizi. Je, hiyo ni nyingi? Inategemea ulianzia wapi. Katika mwaka wa kwanza baada ya taji kufungwa, mfupa hujipanga upya na hushuka kidogo hata kwa mtu mwenye afya njema, na hadi milimita mbili huhesabiwa kuwa kawaida. Kwa hiyo picha ya leo pekee haitoshi, inahitaji picha ya siku ya taji ili zilinganishwe.

Mwalimu hakuwa na picha hiyo. Kwa hali kama yake, mkutano wa wataalamu wa fizi uliofanyika Chicago mwaka 2017 uliweka kanuni ya kushika: asiyekuwa na picha ya zamani tutasema mfupa wake unaliwa iwapo kuna damu au usaha, kina kimefika milimita 6 au zaidi, na mfupa umeshuka milimita 3 au zaidi. Mwalimu alikuwa na damu, usaha, na kina cha 6 sehemu mbili. Mfupa wake haukufika 3. Kanuni ilielekea mukositisi, lakini ule usaha ulinikosesha raha, sikutaka kuamua kwa kanuni ya dharura ikiwa ushahidi halisi unaweza kupatikana.

Binti yake akampigia kaka yake. Baada ya siku nne ilikuja kwa WhatsApp picha ya eksirei ya siku taji lilipobandikwa, na chini yake picha ya kadi ndogo ambayo mwanawe alikuwa ameihifadhi kwenye droo bila kujua ina kazi gani. Kadi ilitaja kampuni iliyotengeneza kipandikizi, unene wake, na urefu wake: milimita 10.

Urefu huo nilihitaji kama mvuvi anavyohitaji pima. Picha mbili zilizopigwa na mashine mbili tofauti hazina kipimo kimoja. Moja imekuzwa, nyingine imefinywa. Lakini kipandikizi hakikui wala hakisinyai. Nikakitumia kama rula ndani ya kila picha, nikapata tofauti ya takriban nusu milimita kwa miaka minne. Hiyo iko ndani ya makosa ya mkono unaopima. Mfupa ulikuwa salama. Tulikuwa na mukositisi, kali na iliyokomaa, lakini mukositisi.

Nilipomweleza alikaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo sijachelewa?" Hakuwa amechelewa.

Kwa nini vidonge havikufua dafu

Ili kuelewa kwa nini dozi tatu zilishindwa, lazima kwanza tuone jinsi kipandikizi kinavyoishi mwilini.

Msweden Per-Ingvar Brånemark ndiye aliyegundua, katika miaka ya 1950, kwamba mfupa hushikamana na titani kiasi cha kutoachana. Alikuwa akichunguza mzunguko wa damu ndani ya mifupa ya sungura, na alipotaka kutoa vifaa vyake vya titani akakuta vimeng'ang'aniwa. Mwaka 1965 alimwekea mgonjwa wa kwanza, Gösta Larsson, vipandikizi vinne kwenye taya la chini, na mtu huyo alivitumia hadi alipofariki mwaka 2006. Miaka zaidi ya 40. Nawaambia wagonjwa habari hii kwa sababu wengi, ufizi ukianza kutoka damu, hudhani kipandikizi kimefikia mwisho wake.

Lakini kushikamana kule ni kwa mfupa. Ufizi haushiki hivyo. Kwenye jino la asili, nyuzi ngumu za ufizi hutoka kwenye nyama na kuingia ndani ya mzizi, zikauzunguka kama kamba za makuti zilizofumwa kwenye nguzo. Kitu kikitaka kuteremka hukuta zimeziba njia. Kwenye kipandikizi nyuzi hizo haziingii popote, kwa kuwa titani haipenyeki; zinapita sambamba na chuma, zimekiegemea tu. Damu inayofika hapo pia ni pungufu, kwani mishipa ile inayotoka kwenye utando kati ya jino na mfupa haipo. Utando wenyewe uliondoka na jino. Ndiyo maana ukoga uleule ambao kwenye jino la asili ungeleta wekundu kidogo, hapa huleta uvimbe mkubwa zaidi, na ndiyo maana kitu kikisukumwa chini huteremka bila kizuizi. Hili la mwisho msomaji alishike, litarudi.

Ukoga si uchafu wa kawaida wa chakula. Ni bakteria waliojipanga tabaka juu ya tabaka na kujifunika ute wao wenyewe. Antibiotiki inayosafiri kwenye damu hufika kwenye nyama ya ufizi na kupunguza vurugu, kwa hiyo mgonjwa hupata nafuu siku tano au sita, na hiyo nafuu ni ya kweli. Walioko ndani ya ute, walioshika uso wa chuma, wengi hubaki. Dozi ikiisha wanaanza tena. Mwongozo wa Shirikisho la Ulaya la madaktari wa fizi wa mwaka 2023 unashauri antibiotiki za kumeza zisitumike kutibu mukositisi. Tiba ni kuondoa kilichoganda, kwa mkono.

Jambo hili linaniuma na nitalisema wazi. Dozi zile tatu mwalimu alizinunua dukani bila cheti, na mojawapo aliiacha katikati alipoona nafuu. Hakuna aliyemtazama mdomoni hata mara moja. Kila dozi ya namna hiyo inawafundisha bakteria kuizoea dawa ambayo kesho huenda tukaihitaji kwa homa ya mapafu ya mjukuu wake. Karafuu na maji ya chumvi sikumgombeza navyo. Maji ya chumvi hutuliza ufizi, na karafuu ina mafuta yenye kufisha ganzi. Lakini navyo haviondoi kilichoganda.

Siku ya kwanza: kioo

Siku ile sikugusa kipandikizi kwa chombo chochote zaidi ya kipimo. Nilipaka meno yake rangi ya waridi inayoshika ukoga, nikampa kioo. Upande wa kulia rangi ilikuwa michirizi tu. Upande wa kushoto, kuanzia chonge kwenda nyuma, ilikuwa mkanda mnene uliokoza pale kwenye taji la kauri. Alitazama kwa muda mrefu. Mtu aliyefundisha watoto kwa miaka mingi hahitaji kuhubiriwa. Alichukua mswaki mwenyewe akaanza kujaribu.

Tulikubaliana mambo machache. Mswaki laini, nywele zake zikielekezwa kwenye mpaka wa ufizi na jino, si katikati ya jino. Damu ikitoka aendelee. Mwaka 2012 watafiti wa Bern, Uswisi, walichapisha jaribio ambapo watu wenye vipandikizi vyenye afya waliacha kusafisha kwa wiki tatu, ufizi ukavimba, kisha wakasafisha tena kwa wiki tatu. Uvimbe ulipungua, lakini katika wiki hizo tatu ufizi haukurejea kikamilifu kama ulivyokuwa mwanzo. Nilimwambia hivyo asije akakata tamaa wiki ya pili: nafuu itakuja, lakini ufizi wa kipandikizi hupona polepole.

Kisha nikajaribu kumwonyesha burashi ndogo ya kupitisha katikati ya meno, ile yenye waya uliofunikwa plastiki ili usikwaruze titani. Haikuingia. Nikachukua ndogo zaidi. Haikuingia pia. Taji lilikuwa na kitumbo: lilichomoza ghafla kutoka kwenye ufizi likatanuka pande zote kama kichwa cha uyoga, na chini ya mwavuli huo hakuna kitu kilichoweza kufika. Niliandika kwenye faili lake maneno mawili, "burashi haipiti", na nitayarudia maneno hayo baadaye kwa majuto kidogo.

Swali la kisukari halikusubiri. Anacho kwa miaka tisa na anatumia metformini. Kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kilitoka asilimia 8.6. Sukari ikiwa juu, ufizi huvimba kwa urahisi na hupona kwa shida, kwa hiyo nilimwandikia barua daktari wake wa kliniki ya kisukari kabla ya kugusa kipandikizi. Daktari huyo alirekebisha dawa, na miezi mitatu baadaye kipimo kilishuka hadi 7.4.

Punje moja

Wiki ya pili nilisafisha kinywa chote. Nyuma ya meno ya mbele ya chini kulikuwa na ugaga, yaani ukoga ulioganda ukawa kama jiwe, mgumu wa miaka, na hakuna maana ya kulisafisha jino moja katikati ya meno machafu. Bakteria hawajui mipaka. Kwenye kipandikizi nilitumia ganzi, ncha ya mashine ya mtetemo iliyofunikwa plastiki, na vikwanguzi vya titani. Chuma cha kawaida cha kukwangulia ugaga hakifai hapo kwa sababu ni kigumu kuliko titani na huacha mikwaruzo ambayo ukoga huipenda. Mashine ya kupuliza unga laini, inayotajwa sana siku hizi, kliniki yetu haina. Haijanizuia. Kinachohesabika ni kuondoa kilichoganda bila kuharibu uso wa kipandikizi, na vifaa vya mkono vinaweza.

Upande wa ulimi kikwanguzi kiligonga kitu. Nilikivuta taratibu, ikatoka punje nyeupe iliyochakaa kuelekea manjano, ndogo kama chenga ya mchele. Niliiweka kwenye bamba la kioo na kuibonyeza. Ugaga hubonyea na kuvunjika kuwa unga. Punje hii haikuvunjika.

Ilikuwa saruji. Ile gundi iliyobandika taji miaka minne nyuma.

Sasa msomaji akumbuke zile nyuzi zinazopita sambamba na chuma. Taji linapojazwa saruji na kubonyezwa, saruji ya ziada hukimbilia nje. Kwenye jino la asili hukuta nyuzi zimeziba na kwa kawaida hubaki juu ambapo daktari anaiona na kuifuta. Kwenye kipandikizi, hasa pale mpaka wa taji umezikwa chini sana ya ufizi ili upendeze, huteremka kimyakimya na kuganda huko. Hapo hugeuka mwamba wenye matundu, nyumba ya kudumu ya bakteria. Mwaka 2009 Mmarekani Wilson alichungulia kwa kamera nyembamba kuzunguka vipandikizi vilivyobandikwa kwa saruji na vyenye dalili za ugonjwa. Asilimia 81 ya hivyo vilivyougua vilikuwa na saruji iliyobaki. Baada ya kuiondoa, takriban robo tatu vilitulia. Baadhi viliugua miezi michache baada ya kubandikwa, vingine baada ya miaka kadhaa. Kwa hiyo ile hoja kwamba "mbona miaka mitatu ya mwanzo lilikuwa zuri" haimtoi mshtakiwa hatiani.

Kwa nini eksirei haikuionyesha? Kwa sababu picha ya jino hutazama kutoka shavuni kuelekea ulimini. Kilichoko mbele au nyuma ya kipandikizi kitaonekana pembeni yake. Kilichoko upande wa ulimi kimefichwa na kivuli cha titani yenyewe. Tena ziko saruji za aina ya resini ambazo eksirei hupita kana kwamba hakuna kitu. Picha safi haimaanishi ufizi safi.

Nilimpa klorheksidini ya asilimia 0.2 ya kusukutua kwa wiki mbili tu, nikimwonya aiachanishe na dawa ya meno kwa nusu saa na kwamba itampaka meno rangi ya kahawia, hasa akinywa chai ya rangi. Kisha tukasubiri.

Wiki ya sita usaha ulikuwa umekwisha. Wekundu ulipungua. Damu ilitoka sehemu nne kati ya sita, na upande wa ulimi kina kilikuwa bado 5 na 6. Mswaki wake ulikuwa mzuri. Rangi ya waridi ilionyesha hivyo. Yeye alikuwa amefanya kazi yake yote. Kilichobaki kilikuwa mahali ambapo mkono wake usingefika hata angepiga mswaki mchana kutwa.

Kufungua

"Taji lifunguliwe," nikamwambia.

Uso ukambadilika. "Mwanangu alilipa fedha nyingi. Utaling'oa?"

"Siling'oi mwalimu. Chuma kinabaki ndani ya mfupa kama kilivyo. Ninafungua kofia tu, niisafishe nje, kisha ninairudisha."

Nilimweleza kwamba kauri inaweza kupasuka wakati wa kutoboa, na kwamba ikipasuka itabidi litengenezwe taji jipya kwa gharama. Njia nyingine ilikuwa kupasua ufizi na kuifuata saruji kwa macho. Hiyo ingeondoa saruji lakini ingeliacha lile taji lenye kitumbo mahali pake, na mwaka mmoja baadaye tungekuwa palepale. Alilala na neno hilo, akazungumza na wanawe, akarudi na kibali.

Hapa kadi ile ya droo ilifanya kazi ya pili. Kila kampuni ina bisibisi yake. Nikitumia isiyo yake nitaharibu kichwa cha skrubu, na skrubu iliyoharibika ndani ya kipandikizi ni balaa kubwa kuliko ufizi uliovimba. Bisibisi ya kampuni hiyo sikuwa nayo. Niliiazima kwa mwenzangu wa kliniki nyingine, na tulisubiri siku mbili.

Nilitoboa kauri katikati ya uso wa kutafunia kwa ncha ya almasi na maji mengi, nikalifikia tundu la skrubu, nikaifungua. Taji na kishikizo vilitoka pamoja, na harufu ilitangulia. Kwenye nusu nzima ya upande wa ulimi, milimita tatu chini ya ulipokuwa mpaka wa ufizi, ulizunguka ukingo wa saruji wenye upana wa karibu milimita mbili, umefunikwa na ukoga mweusi. Punje niliyoitoa wiki ya pili ilikuwa kipande cha ukingo huo. Nilimwonyesha. Alikishika kwa glavu, akakigeuza kwenye mwanga, akasema kwa sauti ya chini, "Miaka minne nimekaa na hiki."

Ufizi hauchelewi kujifunga ukikosa cha kuushikilia. Nikasafisha kwa maji ya chumvi ya hospitali, nikaweka kifuniko cha muda cha titani, na taji likaenda kwa fundi wa meno. Yeye aliondoa saruji yote ya zamani, akakipunguza kile kitumbo hadi taji likatoka kwenye ufizi kwa mteremko mpole badala ya kuchomoza, akaing'arisha kauri hadi ikateleza. Kisha taji na kishikizo viliunganishwa upya vikiwa mezani, nje ya mdomo, na saruji ya ziada ikafutwa yote mbele ya macho. Vilivyorudi mdomoni vilikuwa kitu kimoja kinachofungwa kwa skrubu, bila tone la gundi kuingia ufizini. Niliikaza kwa Newton-sentimita 35 kama kampuni inavyoelekeza, nikaziba tundu kwa utepe mweupe uliochemshwa kwenye otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, wa malighafi ileile ya utepe wa fundi bomba, na juu yake resini ya rangi ya jino. Siku likihitaji kufunguliwa tena, ni kutoa resini na utepe tu, bila kutoboa kauri.

Kabla hajashuka kitini nilimpa ile burashi ndogo. Aliisukuma taratibu upande wa mbele wa gego, ikatokea upande wa ulimi.

"Imepita!"

Nikilitazama faili lake leo, naona kwamba maneno yale mawili ya siku ya kwanza yalikuwa yamekwisha kunipa jibu. Kama burashi haipiti, hakuna mafunzo ya usafi yatakayotosha, na ningeweza kulifungua taji wiki ya tatu badala ya wiki ya saba. Nilisubiri kwa sababu mwongozo unaruhusu kusubiri na kwa sababu niliogopa kuvunja kauri ya mtu. Kusubiri huko kuliutuliza ufizi, nikafanya kazi penye damu kidogo, na mfupa haukuathirika. Hata hivyo, tangu mwalimu, mgonjwa yeyote mwenye kipandikizi kinachotoka damu ninaanza kwa kupitisha burashi ndogo kabla ya kupima kina, na isipopita ninazungumza habari ya taji siku hiyohiyo.

Baadaye

Miezi mitatu baada ya taji kurudishwa kina kilikuwa milimita 3 hadi 4 pande zote, usaha hakuna, na damu ilitoka sehemu moja tu kati ya sita. Hiyo ndiyo shabaha tunayoilenga kwa mukositisi: isizidi sehemu moja. Baada ya mwaka hali ilikuwa ileile, na eksirei, kwa rula ileile ya milimita 10, haikuonyesha mfupa kusogea.

Tulipanga aje kila baada ya miezi minne. Alipouliza kama hiyo si mara nyingi mno, nilimsimulia utafiti wa Brazili wa mwaka 2012. Waliwafuatilia watu wenye mukositisi, hali kama yake, kwa miaka mitano. Miongoni mwa waliohudhuria usafi wa mara kwa mara, asilimia 18 waliishia kupoteza mfupa. Miongoni mwa wasiohudhuria, asilimia 43.9. Yeye alikuwa mwalimu wa hesabu, hakuhitaji nitafsiri.

Ile sehemu moja inayotoka damu iko nyuma, upande wa shavu, mahali ambapo ufizi mgumu wa waridi ni mwembamba, chini ya milimita 2, na kinachofuata ni ngozi laini inayovutwa na shavu kila anapocheka. Kwa wengine hapo mswaki huchoma, nao huacha kusafisha. Inawezekana kuchukua kipande cha ufizi kwenye kaakaa na kukipandikiza hapo. Tulijadili. Kwake hapachomi, rangi ya waridi haioni kitu, na sukari yake inakaribia tu kushika adabu. Tumekubaliana kuacha kwanza, nikipima sehemu hiyo kila anapokuja. Pakianza kuchoma, au damu ikienea hadi sehemu ya pili, mazungumzo ya upandikizaji yatafunguliwa upya.

Nakala ya kadi ya kipandikizi imegundishwa ndani ya daftari lake la kliniki ya kisukari, pamoja na picha mbili za eksirei, ya Muscat na ya kwetu. Miadi yake inayofuata ni mwezi ujao.